Kompyuta Haijui Maana ya "Sawa"

Jumamosi moja ya muhula wa pili niliwasindikiza wanafunzi wangu kumi na wawili kutoka shule yetu, iliyo karibu na Rongo katika Kaunti ya Migori, hadi shule moja ya wasichana upande wa Homa Bay. Tuliabiri matatu, tukapita Rodi Kopany, na kabla ya saa nne tulikuwa tumekwisha kuteremka chini ya kilima cha Asego, ziwa likimetameta mbele yetu. Mkobani tulikuwa na kitu kimoja cha kujivunia: programu iliyoandikwa na chama chetu cha hisabati, ambayo kazi yake ilikuwa kusahihisha maswali ya aljebra.

Wenyeji wetu walitupokea kwa chai na mandazi, na baada ya sala na utambulisho tukaiwasha kompyuta. Swali la kwanza lilikuwa jepesi, la aina ile iliyomo katika kila kitabu cha kidato cha pili: rahisisha (x² − 9)/(x − 3). Kila aliyeketi mbele ya kibodi aliandika x + 3, na kompyuta ikajibu SAWA kwa herufi kubwa. Kisha akaja msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, asiye na papara. Yeye aliandika: x + 3, ila x isiwe 3. Kompyuta ikajibu KOSA.

Msichana aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha bila kusema neno akaifuta nusu ya pili ya jibu lake. Ikabaki x + 3. Kompyuta ikajibu SAWA. Wenzake wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi na nimeona wanafunzi wengi wakikosea, lakini siku ile niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla: mwanafunzi aliyeleta jibu bora kuliko letu akifunzwa, kwa muda wa sekunde chache, kuupunguza ukweli ili apewe alama. Na aliyemfunza hivyo nilikuwa mimi, kwa mkono wa mashine.

Asiyekumbuka kwa nini jibu lake lilikuwa bora na aitie 3 mahali pa x. Juu anapata 9 kutoa 9, yaani sufuri. Chini anapata 3 kutoa 3, sufuri vilevile. Sufuri kugawanya sufuri haina thamani. Lakini x + 3, kwa x hiyo hiyo, ni 6. Semi hizo mbili zinakubaliana kila mahali isipokuwa mahali pamoja, na msichana yule pekee ndiye aliyepaona mahali hapo.

Nawaomba walimu wenzangu, na wanafunzi ambao mtarithi mashine hizi, mnistahimilie nieleze jinsi tulivyofika kwenye kosa lile. Si habari ya shule yetu pekee. Tatizo tulilokutana nalo Rongo limewasumbua watu wenye mashine kubwa na elimu kubwa kutushinda tangu miaka ya 1950, nalo ni hili: namna ya kuitia hisabati ya alama ndani ya lugha ya programu iliyozaliwa kwa ajili ya tarakimu.

Nianze na tofauti ya vitu hivyo viwili. Pale Sori, ufuoni mwa ziwa upande wa Karungu, nimewahi kuzungumza na mama mmoja anayenunua omena kwa gorogoro na kuipeleka Migori mjini. Nilimwuliza, kwa ujinga wa mwalimu, atapata faida gani kesho. Alicheka. "Nyathina," akaniambia, "bei ya kesho naijua mimi? Ninachojua ni kwamba nikitoa bei ya ufuoni, nikatoa nauli na ushuru wa soko, kinachobaki ni changu." Mama yule hakuwa na tarakimu hata moja, lakini alikuwa na kanuni kamili, tena aliweza kuigeuza: alijua nauli ikipanda ni lazima auze kwa bei gani asipate hasara. Hiyo ndiyo aljebra. Kuifanya kazi juu ya jina la kitu kabla hujakijua kitu chenyewe.

Kompyuta, kwa asili yake, haiwezi kazi ya mama yule. Ukiiuliza x + x ni ngapi, itakuuliza wewe: x ni ngapi? Usipoijibu, inakataa kuendelea. Lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, jina lake linatokana na maneno yenye maana ya kutafsiri kanuni. Lakini haikuwa ikizichezea kanuni zenyewe. Ilikuwa ikizitafsiri tu ziwe hesabu za tarakimu, kisha kanuni zinasahaulika, mfano wa jiwe la kusagia ambalo halikumbuki punje.

Walioliona pengo hilo mapema hawakuwa wachache. Katika kiangazi cha mwaka 1958 John McCarthy, akiwa mgeni katika idara moja ya IBM, alijitwika zoezi ambalo mwanafunzi wetu wa kidato cha nne hulijua: kutafuta kasi ya mabadiliko ya usemi wa aljebra, kwamba x³ itoe 3x². Aliona kwamba kanuni ya zoezi hilo hujiita yenyewe. Ukitaka kasi ya jumla ya semi mbili, tafuta kasi ya kila mmoja, kisha ujumlishe. Na kila mmoja wao huenda nao ni jumla ya semi nyingine. Fortran ya wakati ule haikuruhusu kanuni ijiite yenyewe. Zaidi ya hayo, vipande vya semi vilivyokwisha kutumika vilibaki vimetapakaa kumbukumbuni bila wa kuviondoa. Kutokana na mahitaji hayo McCarthy alibuni lugha mpya, Lisp, pamoja na utaratibu wa mashine kujifagilia takataka zake yenyewe, utaratibu ambao leo umo katika lugha nyingi za programu. Wanafunzi wengi wanaotumia Python hawajui kwamba fagio lile lilitengenezwa kwa ajili ya aljebra.

Jean Sammet, mwanamke aliyekuwa mhandisi wa lugha katika IBM hiyo hiyo, alishika njia nyingine. Hakutaka kuunda lugha mpya. Alitaka wahandisi waliokwisha kuizoea Fortran waongezewe uwezo wa alama juu ya lugha wanayoijua. Yeye na wenzake walitoa FORMAC mwaka 1964. Mimi, nikisoma habari zake miaka mingi baadaye, nilijiona nimefika nyumbani, kwa maana njia yake ndiyo tuliyoifuata Rongo bila kumjua: kuchukua lugha iliyopo na kuiongezea mgeni.

Tulitumia Python kwa sababu hailipiwi, na tukaongeza juu yake SymPy, hazina ya hisabati ya alama iliyoanzishwa na Ondřej Čertík mwaka 2005, ambayo nayo haina bei na ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Kwa shule ya mashambani hayo si mambo madogo. Umeme wetu hukatika na kompyuta zetu zimezeeka, lakini SymPy haikutudai chochote isipokuwa subira.

Subira hiyo ilijaribiwa tangu siku ya kwanza. Mambo madogo nayapita upesi: kwamba huwezi kuandika 2x bali 2*x, kwamba kipeo huandikwa kwa nyota mbili kwa sababu ile alama ya kofia imekwisha kupewa kazi nyingine, kwamba kila herufi ni lazima itangazwe kwanza kuwa ni alama. Wanafunzi waliyazoea hayo kwa wiki moja. Yaliyowatatiza ni ya ndani zaidi.

La kwanza lilikuwa alama ya "=". Katika somo la hisabati, alama hii hueleza hali: upande huu ni sawa na upande ule. Katika Python ni amri: chukua kilichoko kulia ukiweke katika sanduku lililoko kushoto. Ndiyo maana mwandishi wa programu huandika x = x + 1 bila haya, jambo ambalo katika daftari la aljebra ni uongo mtupu, kwani hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa uchungu, "Mwalimu, jana ulinikata alama kwa kuandika hivi, leo unaniambia niandike."

Hapo Kiswahili kilituokoa. Chama chetu kina Wajaluo na Wakuria, na tangu mwanzo tulikubaliana kwamba programu itazungumza Kiswahili ili pasiwe na wa kwao na wa kando. Nikawaambia: tuisome alama ile kwa sauti. Katika daftari tunasema "x ni sawa na 5". Katika Python tuseme "x iwe 5". Basi. Ile "iwe" ni amri, nayo "ni sawa na" ni habari, na hakuna mtoto wa shule asiyesikia tofauti ya maneno hayo mawili. "X iwe x na moja" si uongo tena. Ni agizo, kama vile kusema ndoo iwe na maji zaidi. Baadaye nilifurahi kusoma kwamba FORMAC ya Jean Sammet ilihitaji neno maalumu mwanzoni mwa sentensi zake, LET, yaani "iwe", ili mashine itenganishe kauli za alama na zile za kawaida za Fortran.

La pili ni lile nililolipa jina la ngege. Ukimtuma mtoto sokoni akuletee ngege mzima, naye njiani akakutana na mtu wa kisu, utaletewa vipande. Mwanafunzi aliandika x + 1/3 akitarajia kuiona theluthi ikikaa kimya kando ya x. Kompyuta ikamletea x + 0.333333333333333. Theluthi imekatwa, na mkia wake umetupwa. Kisa ni kwamba SymPy ni mgeni. Python, mwenye nyumba, huzisoma sentensi kabla ya mgeni kuziona; ikakuta 1/3, ambayo kwake ni tarakimu mbili za kawaida, ikazigawanya kama ilivyozoea, kisha ikampelekea mgeni desimali. Mgeni hana namna ya kujua kwamba kile alichopewa kilikuwa theluthi. Ni lazima uandike Rational(1, 3), kumtahadharisha mwenye nyumba asiguse.

Nililikazania jambo hili darasani kuliko walivyotaka, kwa sababu linaonyesha kwamba ugumu wa kuongeza kitu kipya katika lugha hauko katika kitu kipya peke yake. Uko katika mazoea ya lugha ya zamani. Lugha ya programu ina desturi zake za nani ahesabu kwanza, na desturi hizo ziliwekwa na watu waliokuwa wakifikiria tarakimu. Wanaojenga lugha upya kwa ajili ya alama, kama wale waliotoa Mathematica mwaka 1988, huamua kwamba herufi isiyopewa thamani ibaki kuwa herufi, na theluthi ibaki theluthi. Raha hiyo ina gharama: lugha hiyo ni ya kununua, na mwanafunzi ni lazima ajifunze lugha nzima upya.

La tatu liliwakera wanafunzi wangu wanaojiona hodari. Waliiagiza SymPy irahisishe kipeuo cha pili cha x², wakitarajia x. Ikawarudishia kipeuo kile kile bila kukigusa. "Imeshindwa na swali la kidato cha pili!" wakapaza sauti. Nikawaambia waweke −5 mahali pa x. Mraba wake ni 25, na kipeuo cha 25 ni 5, si −5. Kompyuta ilikuwa imekataa kusema uongo ambao sisi walimu tumeuandika ubaoni miaka nenda miaka rudi. Ukiiambia kwamba x ni namba halisi, inajibu thamani kamili ya x; ukiiambia kwamba x ni chanya, hapo ndipo inajibu x. Yaani inataka kuambiwa yale ambayo sisi huyachukulia kuwa yanajulikana. Nakiri kwamba niliona haya kidogo.

Ajabu ni kwamba mashine iyo hiyo, iliyo na haya ya kipeuo, haina haya ya sehemu. Ukiiagiza irahisishe (x² − 9)/(x − 3) itakupa x + 3 bila neno la ziada. Waandishi wake waliamua hivyo wakijua, kwa kuwa kazi nyingi za hisabati zingekwama kama kila ufutaji wa kigawo ungedai sharti lake. Ni uamuzi wenye sababu. Lakini ni uamuzi wa watu, umefichwa ndani ya mashine, na mwanafunzi anauona kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Hapa ndipo neno "rahisisha" linapoanza kuteleza. Joel Moses, aliyekuwa miongoni mwa wajenzi wa mfumo wa Macsyma katika chuo cha MIT, aliandika makala mwaka 1971 juu ya neno hilo moja tu. Fikirini (x¹⁰⁰ − 1)/(x − 1). Ukigawanya, unapata jumla ya vipande mia moja, kuanzia x⁹⁹ hadi 1. Ipi ni rahisi? Mtahini atataka ugawanye, kwa kuwa hapo kuna kigawo cha kufuta. Mtu mwenye akili timamu atauacha usemi ule ulivyo. Rahisi kwa nani, na kwa kazi gani? Mtu anayetaka kuchora grafu anapenda umbo moja, anayetafuta mahali usemi unapokuwa sufuri anapenda jingine. Mwalimu hulijua jambo hili bila kulisema, kwa sababu ameusoma mtihani. Mashine haijausoma.

Tena kuna habari ya semi kufura. Ukipanua (x + y + z) yenye kipeo cha 20, unapata vipande 231. Hayo ni madogo. Donald Knuth, katika juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa juu ya sanaa ya kuandika programu, anachukua polinomia mbili ambazo namba zake hazizidi 21, anatafuta kigawo chao kikubwa cha shirika kwa njia ile ile ya Euclid tunayoifundisha, na mabaki ya mwisho yanatoka kuwa sehemu yenye tarakimu 10 juu na tarakimu 9 chini. Kisha jibu? Jibu ni 1: polinomia hizo hazina kigawo cha pamoja. Mashine imebeba mzigo mkubwa mlimani na kushuka nao, ili ije iseme moja. Kompyuta zetu kuukuu zilipokuwa zikinguruma juu ya mazoezi marefu, wanafunzi walidhani zimeharibika. Hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa katikati ya mlima.

Lakini haya yote ni vichaka tu njiani. Msitu wenyewe ni neno "sawa".

Programu yetu ya kwanza ililinganisha jibu la mwanafunzi na jibu letu kwa alama mbili za "=", ambazo katika Python ni swali: je, hiki ni sawa na kile? Mwanafunzi akaandika (x + 1)², jibu letu lilikuwa x² + 2x + 1, na mashine ikasema hapana. SymPy ilikuwa imelinganisha maumbo, si maana; kwake usemi wenye mabano na usemi usio na mabano ni watu wawili. Tukarekebisha: toa jibu moja katika jingine, rahisisha tofauti, na ukipata sufuri, majibu ni sawa. Hapo tulidhani tumemaliza.

Mmoja wa wanafunzi akaleta njia nyingine ambayo niliipenda zaidi. Badala ya kurahisisha, alisema, tutie namba mahali pa x katika majibu yote mawili tuone kama yanakubaliana. Kwa polinomia njia hii si ya kubahatisha hata kidogo. Polinomia mbili ambazo kipeo chao hakizidi 5, zikikubaliana katika namba sita tofauti, ni kitu kimoja, kwa sababu tofauti yao ingekuwa polinomia yenye sufuri sita, na polinomia ya kipeo cha 5 haiwezi kuwa na zaidi ya tano. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuata hoja hiyo mpaka mwisho. Lakini nje ya polinomia njia inapotosha. Jaribu sine ya x kwa digrii 0, 180, 360, 540 na kuendelea. Kila mara utapata sufuri, na mwepesi wa kuamini ataapa kwamba sine ni sufuri daima.

Je, hakuna njia moja ya uhakika kwa semi zote? Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wangu waliniuliza, na jibu lake liliwashangaza kuliko yote tuliyosoma mwaka ule. Haipo. Si kwamba haijagunduliwa. Imethibitishwa kwamba haiwezi kuwapo. Mwaka 1968 Daniel Richardson alionyesha kwamba ukiruhusu semi zitengenezwe kwa herufi x, namba za sehemu, pai, logi asilia ya 2, pamoja na sine, vipeo vya e na thamani kamili, basi hakuna utaratibu wowote wa kimashine unaoweza kuamua, kwa kila usemi wa namna hiyo, kama ni sufuri au si sufuri. Na kuuliza kama majibu mawili ni sawa ni kuuliza kama tofauti yao ni sufuri. Kwa hiyo hakuna programu itakayowahi kuandikwa, Rongo wala Marekani, ambayo itasahihisha kila jibu la namna hiyo bila kukosea wala kunyamaza.

Programu yetu haikufika huko kwenye msitu mzito. Ilianguka penye uwazi. Tulikuwa tumeiagiza kwamba jibu lolote isiloweza kulisoma ilihesabu kuwa kosa. Iliposoma "ila x isiwe 3" haikuelewa, na kutoelewa kwake tukakuita kosa la msichana.

Jioni ile, tukiwa tunangoja matatu ya kurudi, nilimwomba mwanafunzi aliyebeba kompyuta ndogo aifungue. Tukatia namba katika swali na katika jibu letu, moja baada ya nyingine. Kwa 1, pande zote mbili zikatoa 4. Kwa 2, zikatoa 5. Kwa 3, jibu letu likatoa 6, na swali likatoa neno la herufi tatu ambalo mashine hulitumia kumaanisha "si namba". Vijana wakanyamaza. Mashine iliyomhukumu msichana asubuhi ilikuwa imemtolea ushahidi jioni, ila hakuna aliyekuwa ameiita kizimbani.

Nayasema haya sasa kwa sababu jambo hili si la chama cha hisabati pekee. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini nimesikia pia, katika mikutano ya walimu, mazungumzo ya kuiachia kompyuta kazi ya kusahihisha, na siwalaumu wanaoyasema. Mwenye darasa la wanafunzi sitini, na madarasa manne ya namna hiyo, anajua uzito wa madaftari usiku. Ninachopinga ni mpango wowote wa kusahihisha ambao una majibu mawili tu. Mashine ya kununua itakuja na SAWA na KOSA, itakuja na rangi nzuri, na mwalimu aliyechoka atanakili alama bila kuuliza ni nani aliyeamua maana ya "rahisisha" humo ndani. Anayeumia si yule aliyeandika x + 3. Anayeumia ni yule aliyeona zaidi.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaotaka kompyuta ziondolewe katika somo la hisabati. Wanafunzi wangu walijifunza maana ya kigawo, ya sehemu, ya kipeuo na ya usawa kwa kuhangaika kuifundisha mashine isiyojua lolote, tena kwa namna ambayo ubao wangu haukuwahi kuwafundisha. Huko vyuoni, Rongo na Tom Mboya, wapo wanafunzi wa kompyuta na wa ualimu ambao wangeweza kuja mashuleni Jumamosi moja kwa mwezi na kuongoza kazi ya namna hii. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji mtu anayekubali kuonyeshwa kosa lake na mtoto wa kidato cha tatu.

Tuliiandika upya programu. Sasa ina majibu matatu. Ikiweza kuthibitisha kwamba majibu yanalingana, inasema SAWA. Ikipata namba inayoyatenganisha mahali ambapo yote mawili yana thamani, inasema KOSA na kuionyesha namba hiyo. Ikishindwa kusoma, ikishindwa kuamua, au ikikutana na "si namba", inasema MWONYESHE MWALIMU.

Muhula uliofuata tulirudi Homa Bay. Nilimtafuta msichana yule, nikamwomba mbele ya wenzake alijibu tena swali lile la kwanza kama alivyolijibu mara ya kwanza kabisa. Akaandika x + 3, ila x isiwe 3. Kompyuta ikasema MWONYESHE MWALIMU. Akageuka, akanionyesha, nami nikamwandikia alama zote kwa kalamu nyekundu katika daftari lake.

Akaitazama alama, kisha akauliza kwa upole wake ule ule: "Na wale wanaoandika x + 3 peke yake, Mwalimu, mtawaondolea alama?"

Nilimwambia ningemjibu baada ya kuzungumza na walimu wenzangu. Tulizungumza Jumatatu wakati wa chai, na Jumanne, na mpaka leo chumba cha walimu kimegawanyika nusu kwa nusu.